Kamere: Mja mzito kando ya Ziwa Naivasha

Ukitaka kuijua Kamere, msomaji, usiende Jumapili mchana wakati wageni kutoka Nairobi wanapoabiri mashua kwenda kutazama viboko. Nenda siku ya kazi, saa kumi na moja alfajiri. Wakati huo ziwa limefunikwa na ukungu, baridi inakata kama wembe, na barabara ya Moi South Lake imejaa watu waliojifunika makoti mazito wakielekea kwenye mashamba ya maua. Wengi wao ni wanawake. Watazame vizuri, nawe hutakosa kumwona mmoja anayetembea polepole kuliko wenziwe, mkono mmoja ukiwa kiunoni.

Mimi nilikwenda huko kwa sababu ya mmoja kati yao. Mdogo wangu, aliyekuwa na mimba ya miezi minane, alinipigia simu akaniambia kuwa hapati usingizi, miguu imevimba hata viatu havimwingii, na kifua kinamwaka moto kila akilala. "Dada, hii mimba itanimaliza," alisema huku akicheka. Nilifunga mkoba siku hiyo hiyo.

Kutoka Nairobi hadi mji wa Naivasha ni kama kilomita 90. Ukishuka, unaabiri matatu ya kupitia Karagita na Kwa Muhia. Ziwa huwa upande wako wa kulia, ingawa mara nyingi utaona tu ua na malango ya mashamba. Upande wa kushoto kuna Mlima Longonot, na baadaye vilima vya mbuga ya Hell's Gate ambayo ilifunguliwa mwaka wa 1984. Nyuma ya vilima hivyo, mvuke mweupe hupaa kutoka Olkaria, ambako nguvu za umeme zimekuwa zikizalishwa kwa joto la ardhini tangu mwaka wa 1981. Halafu ghafla unaona mabati, vibanda vya mitumba, bucha, waendeshaji bodaboda na kina mama wanaouza samaki. Umefika Kamere.

Hiki si kijiji cha ukoo mmoja. Kilimo cha maua kilipoanza kushamiri kandokando ya ziwa kuanzia miaka ya 1970, watu walimiminika kutoka kila pembe ya Kenya kutafuta kazi. Wanaishi katika vyumba vya kupanga vilivyopangwa safu safu, na lugha yao ni Kiswahili. Kwa mja mzito, jambo hili lina maana kubwa. Mama mzazi yuko mbali, shangazi yuko mbali, na mashauri hutoka kwa jirani wa mlango wa pili ambaye naye alishauriwa na jirani mwingine.

Nilipofika nilikuta mashauri ya kila aina. Mmoja alikuwa amemwambia mdogo wangu arambe magadi ili kuondoa kiungulia. Mwingine alimletea odowa, yale mawe laini ya kula yanayouzwa sokoni, akidai yanaongeza damu. Hayaongezi. Udongo huo huweza kuzuia mwili usipate madini ya chuma yaliyo katika chakula, na hamu ya kuula mara nyingi ni dalili kwamba damu tayari imepungua. Nayo magadi yamejaa chumvi isiyomfaa mtu ambaye presha yake inachungwa.

Hebu tuelewane kuhusu kiungulia. Tumbo la uzazi linapokua, hulisukuma tumbo la chakula kuelekea juu, na wakati huo homoni za ujauzito hulegeza mlango unaozuia asidi isirudi kooni. Dawa ya kwanza ni kula kidogo kidogo, mara nyingi, na kutolala mara tu baada ya ugali wa usiku. Inua kichwani kwa mto wa ziada. Maumivu ya mgongo nayo huzidi kwa mtu anayesimama kutwa akichagua na kufunga maua, hivyo omba kiti au kazi ya kukaa mapema, usingoje ushindwe. Misuli ya miguu ikikukaza usiku, nyoosha mguu na uvute vidole kuelekea kwako.

Suala la haja ndogo ni zito Kamere kuliko mtu wa mjini anavyoweza kufikiri. Kichwa cha mtoto hubana kibofu, na mama huamka mara tatu au nne usiku. Choo cha ploti kiko mwisho wa safu ya vyumba, gizani, na viboko hutoka ziwani usiku kuja kula nyasi. Mdogo wangu alikuwa ameamua kutokunywa maji kuanzia saa kumi jioni. Kosa kubwa! Nilimnunulia ndoo yenye kifuniko, tukaiweka pembeni mwa chumba, aibu ikaisha siku ya pili.

Na maji yenyewe? Uliza yametoka wapi. Visima vingi vya Bonde la Ufa, hasa sehemu hizi, vina madini ya floraidi kupita kiasi. Ndiyo maana utawaona vijana wazuri wenye meno ya kahawia. Kuchemsha huua viini lakini hakuondoi floraidi. Afadhali maji ya mvua yaliyotunzwa vizuri, au yale yaliyosafishwa katika vibanda vinavyouza maji ya kunywa.

Sasa nije kwenye jambo lililonitoa jasho. Nilimwomba mdogo wangu anionyeshe kile kitabu cha afya ya mama na mtoto ambacho kila mja mzito nchini hupewa kliniki. Ukurasa wa vipimo vya mwanzo ulikuwa umejazwa vizuri: kundi la damu, kiwango cha damu, kaswende, virusi vya ukimwi. Lakini katika ziara mbili za mwisho, safu ya presha na safu ya mkojo zilikuwa tupu. Nilimuuliza sababu. "Mashine ilikuwa imeharibika, wakaniambia nirudi mwezi ujao." Zahanati yenyewe sitaitaja. Nasema tu kwamba nafasi tupu katika kitabu hicho si jambo dogo.

Kabla ya 2016, akina mama walishauriwa kuhudhuria kliniki angalau mara nne. Mwaka huo Shirika la Afya Duniani lilipendekeza mara nane: juma la 12, la 20, la 26, la 30, la 34, la 36, la 38 na la 40. Utaona kwamba ziara hukaribiana kadiri siku zinavyosogea. Sababu ni kwamba hatari nyingi hujificha mwishoni. Presha hupimwa kila mara kwa kuwa kupanda kwake hakuna maumivu. Mkojo hupimwa ili kuona kama kuna protini. Damu huangaliwa tena, maana mwenye damu chini ya gramu 11 kwa desilita katika miezi ya mwisho huhesabiwa kuwa amepungukiwa, na mtu kama huyo hana akiba ya kupoteza wakati wa kujifungua. Mkunga hupima urefu wa tumbo, husikiliza moyo wa mtoto na kupapasa ajue kichwa kimeelekea wapi. Picha ya skani, ambayo wengi huililia mwishoni, hufaa zaidi kabla ya juma la 24.

Tuliondoka kesho yake asubuhi na kwenda katika kituo kingine. Muuguzi, mama wa makamo asiye na maneno mengi, alimfunga mdogo wangu kile kitambaa mkononi, akapima, akanyamaza. Akamwambia apumzike. Akapima tena. Ilikuwa 150 kwa 100. Mkojo ulionyesha protini.

"Mama, kichwa kinakuuma?"

"Kidogo, tangu juzi."

"Na hii pete, mbona umeivaa kwenye mnyororo shingoni?"

Mdogo wangu akaitazama mikono yake kana kwamba ni ya mtu mwingine. Miguu kuvimba jioni ni jambo la kawaida kwa waja wazito, maana tumbo hubana mishipa inayorudisha damu, na ukilala ubavu wa kushoto na kuinua miguu huwa unapata nafuu. Lakini mikono na uso vikivimba, kichwa kikiuma bila kuachilia, macho yakiona vimulimuli, au tumbo likiuma juu chini ya mbavu, usingoje kesho. Hizo ni dalili za ugonjwa unaoweza kuzaa kifafa cha mimba, na kifafa hicho huua mama na mtoto. Vivyo hivyo mtoto akipunguza kucheza, au ukiona damu, au maji yakivunjika.

Jioni hiyo tulikuwa hospitali ya Naivasha. Walimlaza, wakampa dawa za kushusha presha, wakawa wanampima mchana na usiku. Mimi nilikaa kwenye benchi nikihesabu siku na pesa. Hapa nikunong'onezee, msomaji: huduma za uzazi katika hospitali za umma zilitangazwa kuwa bila malipo mwaka wa 2013, zikaja chini ya mpango wa Linda Mama, na tangu Oktoba 2024 mambo hayo yako chini ya Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF. Jisajili mapema ukiwa na nguvu zako. Foleni ya kujisajili huku uchungu umekushika sikutakii.

Jambo la kazi nalo lilimsumbua; alihofia kufutwa. Sheria ya Ajira ya 2007 inampa mama miezi mitatu ya likizo yenye mshahara kamili, mradi amjulishe mwajiri kwa maandishi angalau siku 7 kabla. Sheria ya zamani ilitoa miezi miwili tu, tena mama alipoteza likizo yake ya mwaka! Nilimwandikia barua hiyo pale pale kwenye benchi, akatia sahihi, shemeji akaipeleka shambani.

Juma la 37 lilipotimia, madaktari walimwanzishia uchungu. Alijifungua msichana saa tisa usiku, mdogo lakini mwenye sauti. Presha haikushuka papo hapo. Ilibidi aendelee kupimwa hata baada ya kurudi nyumbani, kwa maana ugonjwa huo huweza kumzukia mama hata siku kadhaa baada ya kujifungua.

Asubuhi moja kabla sijaondoka Kamere nilishuka hadi ufuoni wavuvi wanapotua. Nilinunua ngege wawili wakubwa nikawachemsha supu. Mdogo wangu alikunywa mabakuli mawili, akavaa pete yake, ikaingia.