Karakana ya migombani

Mwaka 1982 jembe jipya halikuwa kitu cha kwenda dukani ukanunua. Vita vya Kagera vilikuwa vimeisha, lakini hazina ya fedha za kigeni ilikuwa imekauka, na mpaka wa Kenya ulikuwa umefungwa tangu 1977. Kiwanda cha UFI pale Ubungo kilifua majembe, ila hadi kufika kwetu Mamba, kwenye mteremko wa Kilimanjaro jirani na Marangu, yalikuwa machache na yaligawanywa kabla wengi hawajasikia kwamba yamekuja. Ndiyo maana msimu wa kilimo ulipokaribia, watu walijaa nje ya banda la baba mdogo, kila mmoja na kipande chake cha chuma: springi ya lori, jembe lililolika likabaki kama kijiko, panga lililokatika mpini.

Nilikuwa mwanafunzi wa shule ya msingi, na kazi yangu ilikuwa kuvukuta moto.

Ukoo wetu ni wa wahunzi. Mamba ilijulikana kwa kazi hiyo tangu zamani. Wamasai walipanda kutoka tambarare kununua mikuki yao hapo, na katika enzi za mababu chuma chenyewe kilitoka Upare, ambako Washana wa Ugweno walikiyeyusha kutoka kwenye mchanga. Babu bado alikuwa anatumia mivukuto miwili ya ngozi ya mbuzi, unafungua huu na kukandamiza ule, na upepo unaingia motoni kupitia mdomo wa udongo. Watu walimheshimu na kumwogopa pia, kwa sababu laana ya mhunzi ilikuwa jambo zito kwetu. Sikuwahi kusikia mtu akibishana naye bei.

Baba mdogo alikuwa mtu wa namna nyingine. Alikuwa amefanya kazi miaka kadhaa katika karakana ya kiwanda cha sukari cha TPC, Arusha Chini, akarudi na rula, bikari na tabia ya kupima. Ile mivukuto aliiacha kwa baba yake, akajitengenezea feni: rimu ya baiskeli yenye mkono wa kuzungushia, mkanda wa mpira uliokatwa kwenye tyubu, na mapanga ya bati ndani ya kopo kubwa. Mtoto mmoja alitosha kuizungusha, na moto wa makaa ulipanda hadi chuma kikawa cha manjano. Fuawe yake ilikuwa kipande cha reli kilichosimikwa kwenye gogo. Jiliwa la kubania chuma aliliunda mwenyewe kutoka kwenye jeki iliyokufa.

Lakini vifaa si ndivyo vilivyomfanya fundi. Alikuwa anajua kutofautisha chuma na chuma, na hilo ndilo ninalotaka lieleweke kwa wale wanaodhani mhunzi ni mtu wa kugonga tu. Nondo ilifaa bawaba na komeo. Hata ukiichovya majini kutwa nzima haishiki makali, kwa sababu kaboni yake ni kidogo mno. Springi ya gari ndiyo iliyofaa panga na jembe. Mtu akileta chuma kisichojulikana, baba mdogo alipasha ncha hadi ikawa nyekundu, akaichovya majini, kisha akaipitishia tupa. Tupa ikiuma, chuma ni laini. Ikiteleza kama juu ya kioo, basi hicho ni chuma cha makali.

Kujua joto la kuchovya ndiyo sehemu ngumu. Babu alisoma rangi ya moto kwa macho, akifanya kazi hiyo jioni ili mwanga wa jua usimdanganye. Kwa sisi watoto baba mdogo alitundika sumaku ya spika ya redio kwa waya. Tulisogeza chuma chenye moto karibu nayo. Kilipoacha kuvuta, wakati ulikuwa umekaribia. Baadaye sana, nikiwa sekondari, nilisoma kwamba chuma hupoteza usumaku karibu na nyuzi 770 za Sentigredi.

Panga lililochovywa kwenye oili chafu hutoka gumu sana, na likigonga jiwe linavunjika. Na udongo wetu una mawe ya volkano. Kwa hiyo baba mdogo alisugua upande mmoja kwa jiwe la mchanga hadi ung'ae, akalaza mgongo wa panga juu ya chuma cha moto na kungoja. Rangi zilitembea kuelekea kwenye makali: manjano ya majani makavu, kahawia, zambarau, kisha buluu. Kisu alikisimamisha kwenye kahawia. Panga na jembe aliyaacha yafike buluu, yapoteze ugumu kidogo ili yastahimili mapigo.

Kazi iliyomletea heshima kuliko zote, hata hivyo, haikuwa ya makali. Ilikuwa mashine za kumenyea kahawa. Karibu kila nyumba yenye kihamba, yaani shamba la migomba na kahawa, ilikuwa na moja, ya kuzungusha kwa mkono, na ndani yake pipa lililovikwa bati la shaba lenye nundu. Nundu hizo ndizo zinazochuna ganda jekundu. Zikilika, mashine haimenyi. Zikiwa na ncha kali, zinakwaruza punje, na punje iliyokwaruzwa inashusha daraja la kahawa nzima. Vipuri havikuwepo kwa bei yoyote.

Nakumbuka mama mmoja aliyekuja jioni, mwanawe amebeba mashine kichwani.

"Fundi, kahawa nimeshaichuma. Ikilala na ganda itaharibika."

"Mama, kaa. Utamenya leo leo."

Baba mdogo alikuwa na vipande vya shaba kutoka kwenye tangi la kuchemshia maji, lililotupwa katika nyumba ya mojawapo ya mashamba ya walowezi yaliyotaifishwa mwaka 1973. Alikata kipande, akakipasha hadi kikawaka, akakitumbukiza majini. Nilishangaa, nikamwambia kitakuwa kigumu. "Hiyo ni shaba, mwanangu," alisema. "Hii moto unailainisha." Kisha akachora mistari kwa penseli, akalaza bati juu ya gogo, na kwa patasi ya ncha ya duara akagonga nundu moja baada ya nyingine, kila mstari ukipishana na wenzake. Nilimshikia koroboi. Alipomaliza kulifunga, alitia konzi ya kahawa, akazungusha, akazikagua punje kwa kidole. Zilikuwa na mkwaruzo. Akalegeza skrubu robo mzunguko, akajaribu tena. Zilitoka safi. Malipo yalikuwa debe la mahindi baada ya mavuno, na yule mama aliyaleta.

Mpaka wa Kenya ulifunguliwa mwishoni mwa 1983. Biashara ilipolegezwa baadaye katika muongo ule, majembe na mapanga ya kiwandani yalijaa sokoni kwa bei ambayo hakuna mhunzi angeweza kushindana nayo. Wateja walipungua, baba mdogo akabaki na mashine za kahawa na bawaba. Alifariki bila mtoto wake yeyote kurithi kazi ile, nami nilikuwa nimekwenda kufundisha hisabati.

Leo pale njia panda ya Himo vijana wana mashine za kuchomelea na grenda, na mageti yao ni mazuri. Ukiwauliza springi ichovywe kwa joto gani na irudishwe hadi rangi ipi, wengi hawajui, kwa kuwa hawakufundishwa. Moshi kuna chuo cha ufundi cha VETA, na juu milimani hakujakosekana wazee walioshika nyundo enzi zile. Nawaomba walimu wa chuo hicho wapande Mamba, wawaite wazee hao darasani wangali na nguvu za kusimama mbele ya moto, na wawalipe kama wakufunzi wengine.