Mama, Una Watoto Wangapi?

Ukifika nyumbani kwa mtu huku kwetu Mtendeli, utapewa kigoda, utaulizwa habari za safari, za mvua na za mahindi, kisha utaulizwa habari za watoto. Ni swali la heshima. Lakini wako akina mama ambao swali hilo huwachoma moyo, na leo nataka tuzungumze juu yao.

Nilipokuwa mtoto, alipita kwetu bwana mmoja mwenye daftari, akiandika watu wa kila nyumba. Akamwuliza mama yangu, "Mama, una watoto wangapi?" Mama akajibu, "Nimezaa tisa, Bwana. Sita ndio hawa unaowaona, na watatu wamo udongoni." Yule bwana akasema, "Mimi nataka walio hai tu." Akaandika sita, akaenda zake. Mama alisimama kitambo mlangoni, ungo mkononi, asiseme neno. Sisi watoto tulikuwa tukitazama viatu vya yule bwana jinsi vilivyong'aa. Hatukuona jambo lililotendeka.

Miaka ikapita, nikawa mwalimu, nikaoa. Mtoto wetu wa pili aliishi siku nne tu. Tulipokwisha kumzika nikamwambia mke wangu, "Basi, tusimtaje tena." Nilidhani namfariji. Kumbe nami nilikuwa kama yule bwana wa daftari.

Katika kazi yangu ya ualimu nilisoma habari za nyumba ya wafalme wa Unguja. Labda utauliza, Unguja na Buha wapi na wapi? Si mbali kama udhanivyo. Misafara ya watu wa pwani ilifika Ujiji, katika mkoa wetu huu, siku za Sayyid Said bin Sultan, aliyetawala Omani na Unguja hata mwaka 1856. Pembe za ndovu na watumwa kutoka bara vilitajirisha pwani.

Mfalme huyo alikuwa na majumba, merikebu na masuria wengi. Alipofariki, watoto wake waliokuwa hai walikuwa 36: wa kiume 18 na wa kike 18. Utasema, nyumba kama hiyo haina kilio. Sivyo. Mwanawe mkubwa, Hilal, aliyekosana na baba yake, alikufa Aden mwaka 1851, mbali na nyumbani. Khalid, aliyekuwa akishika utawala wa Unguja baba alipokuwa Omani, alikufa mwaka 1854. Mfalme mwenyewe alikufa baharini Oktoba 1856, akirudi kutoka Omani. Mwanawe Barghash, aliyekuwa naye merikebuni, akauleta mwili wa baba yake Unguja ukazikwa huko. Kisha ndugu wakagombana kwa ajili ya ufalme. Mwaka 1859 kipindupindu kikaingia kisiwani, na kilipofika kwenye majumba ya mfalme hakikupiga hodi. Miongoni mwa waliokufa alikuwamo Jilfidan, suria aliyetekwa utotoni katika nchi za Kaukazi.

Jilfidan huyo alikuwa na binti jina lake Salme, aliyezaliwa mwaka 1844. Habari za binti huyu ndizo zilizonikumbusha mama yangu. Salme alimpenda mfanyabiashara Mjerumani, Rudolph Heinrich Ruete, akachukua mimba. Kwa hofu ya nduguze alitoroka Unguja mwaka 1866, akafika Aden, na mwezi wa Desemba akazaa mtoto wa kiume. Akaitwa Heinrich. Mwaka uliofuata, tarehe 30 Mei, Salme alibatizwa kwa jina la Emily, akafunga ndoa na Ruete, wakaanza safari ya Ulaya. Njiani, katika nchi ya Ufaransa, yule mtoto akafa.

Fikiri, msomaji. Binti wa mfalme, ameacha kwao, lugha yake na dini ya baba zake. Na yule mtoto ambaye kwa ajili yake aliyaacha yote, amezikwa katika nchi ya watu asiowajua. Akaingia Hamburg mikono mitupu.

Huko Hamburg alizaa tena: Antonie mwaka 1868, Rudolph mwaka 1869, na Rosalie mwaka 1870. Rosalie alikuwa na miezi michache tu, mnamo Agosti 1870, baba yao alipopata ajali ya gari la abiria lililokokotwa na farasi, akafa. Miezi miwili baadaye, kule Unguja, akafa Majid, ndugu yake aliyekuwa Sultani. Salme alibaki mjane kijana na watoto watatu. Aliwalea, nao wakawa watu wazima. Mwaka 1886 alitoa kitabu cha kumbukumbu zake kwa Kijerumani. Alikufa mwaka 1924, akazikwa Hamburg pamoja na mumewe. Yasemwa kwamba aliwekewa kaburini mchanga wa pwani ya Unguja, aliokuwa ameutunza miaka yote ile.

Sasa tumwulize yeye naye: Mama, una watoto wangapi? Ukihesabu waliokua Hamburg, utapata watatu. Lakini aliowazaa ni wanne.

Mambo haya si ya Unguja peke yake. Katika Ujerumani ya zamani, mtawala wa Gotha aitwaye Ernst, aliyeishi tangu mwaka 1601 hata 1675, alizaa na mkewe Elisabeth Sophie watoto 18. Alipokwisha kufa, wana wake saba waligawana nchi. Vitabu vya historia huwataja sana hao saba, kwa maana walirithi ngome na mashamba. Wengine walikufa wangali wadogo, na habari zao ni jina tu na tarehe mbili, ya kuzaliwa na ya kufa, zilizokaribiana sana. Lakini angalia: jina lipo, na tarehe zipo. Mtu fulani alishika kalamu akaandika. Miaka zaidi ya 300 imepita, nasi twajua ya kuwa walizaliwa.

Huku kwetu je? Mwaka 2016 ilifunguliwa hapa Mtendeli kambi ya wakimbizi kutoka Burundi, ikafungwa mwaka 2021. Wengi walihamishiwa kambi ya Nduta. Kabla ya kuondoka, mama mmoja aliyezoea kuja kwetu kununua mihogo alimjia mke wangu. Hakutaka chakula wala nguo. Alisema, "Dada, mimi naondoka, lakini mwanangu anabaki. Ukipita pale makaburini, mwite kwa jina lake." Akamwambia jina, akalirudia mara mbili lisije likasahauliwa. Mke wangu akaitikia, akalia naye.

Usiku ule sikupata usingizi. Nilimfikiri yule mama wa Burundi, na Salme njiani Ufaransa, na mama yangu na ungo wake mlangoni. Asubuhi nikamwuliza mke wangu, "Yule mtoto wetu wa siku nne, tulimwita nani?" Maana nilikuwa nimesahau. Akanitazama, akaniambia jina. Alikuwa nalo miaka yote hiyo, naye hakulitaja, kwa kuwa nilimkataza.

Nikachukua daftari la shule. Nikaandika watoto wetu wote, mmoja mmoja, siku ya kuzaliwa, na kwa yule mmoja siku ya kufa pia. Nikaenda kwa dada yangu mkubwa, akanipa majina ya wale watatu wa mama. Mmoja hakuwahi kupewa jina, huyo nimeandika, "Mtoto wa kike, wa masika."

Enyi akina baba msomao gazeti hili, nawaomba neno moja. Mtoto akizaliwa, mwandikisheni serikalini mpate cheti, na paroko amwandike katika kitabu cha ubatizo. Hayo mnayajua. Lakini muwe pia na daftari la nyumbani, mmwandike kila mtoto, hata aliyeishi siku moja. Wala msimwambie mama yake anyamaze. Akitaka kumtaja, mwacheni amtaje, nanyi mtajeni pamoja naye.

Na siku mtu atakapomwuliza mkeo, "Mama, una watoto wangapi?" mwache ajibu hesabu aijuayo yeye, nawe usimsahihishe.