Mayai Katika Chupa

Huko kwetu Kabazi, msomaji, nalifuga samaki wawili katika chupa kubwa, pamoja na majani niliyoyachuma mtoni. Asubuhi moja nikaona matone ya ute yamegandamana na kioo. Je, ni ugonjwa? Ukungu huwa mweupe kama pamba, na yai la chura lina kiini cheusi. Haya yalikuwa maangavu. Nikangoja. Baada ya siku kumi hivi wakatoka konokono wachanga. Basi jua hili: konokono wa namna fulani hueneza kichocho, lakini hazaliwi nacho, hukipata katika maji yaliyochafuliwa na mgonjwa. Watoto hawakuwa na hatia; lakini mama yao alitoka mtoni, nami kila siku nalitia mkono humo. Tangu hapo natazama kwanza, ndipo niguse.