Kila Jina Lilikuwa Mwizi

Wewe unayesoma haya huku kompyuta yako inasuasua na moyo umekukaa juu, nakuandikia wewe.

Nina steshenari ndogo karibu na chuo, hapa Morogoro. Ninachapa, ninaprinti, natoa kopi. Ndiyo inayolipa ada za watoto. Balaa liliingia na flashi ya mteja. Folda zote zikageuka shotikati, na kila flashi iliyofuata ikapatwa na hayohayo. Feni ikawa inavuma hata nikiwa sijafungua kitu. Wateja wakaanza kunong'ona.

Kisha wanafunzi wakaniletea tasnifu nizipange kurasa. Nikachomeka flashi. Tupu. Fundi mmoja akasema tufomati kila kitu, tuanze upya.

Usiku ule nilibaki dukani. Nikafunga mlango. Nikabonyeza Ctrl, Shift na Esc. Orodha ya programu zinazoendelea ikaja. Svchost.exe. Svchost.exe. Tena svchost.exe. Sikuijua hata moja. Mikono ikatetemeka. Nilitaka kuzizima zote. Nikalia. Ee Mungu, nitawaambia nini watoto wa watu?

Mume wangu alikuja kunitafuta. Hakuuliza mengi. Tukaomba, kisha akampigia mdogo wake aliyeko Mwanza, anayefanya kazi za kompyuta.

"Shemeji, usizime kitu," akasema. "Ukizima csrss.exe, Windows yenyewe inaanguka. Na hizo svchost kuwa nyingi si ugonjwa. Tangu 2017 Windows 10 huipa karibu kila huduma svchost yake, kompyuta ikiwa na RAM inayozidi GB 3.5. Jina yeyote anaweza kujipa. Tazama inakokaa."

Nikabofya kulia, moja baada ya nyingine, nikifungua mahali faili lilipo. C:\Windows\System32. System32. System32 tena. Halafu moja ikafungua AppData, ndani ya folda yenye jina langu mwenyewe.

Nikanyamaza. Mume wangu akanishika bega.

Shemeji akanielekeza nipakue Process Explorer ya Microsoft, inayokagua saini za programu. Zile nyingine zilitoka na saini ya Microsoft. Hii haikuwa na saini yoyote. Tukaizima, tukaifuta, tukaiondoa na kule ilikojipanga kuwaka pamoja na kompyuta. Kisha Defender, kinga ya virusi ya Windows, ikakagua diski kabla Windows haijaamka.

Zilibaki tasnifu. Akanisomea amri, herufi kwa herufi, niielekeze kwenye flashi: attrib -h -r -s /s /d. Folda zikarudi. Kirusi hakikuwa kimezifuta, kilizificha tu. Nilipiga magoti palepale, juu ya vipande vya karatasi.

Mpaka leo feni ikivuma ghafla nashtuka. Nafungua orodha, nachungulia herufi: isije ikawa scvhost badala ya svchost, au Isass yenye I kubwa mahali pa l ya lsass. Mara nyingi ni Windows inajisasisha tu. Hata hivyo natazama.

Kama uko hapo nilipokuwa, usikubali kufomati leo usiku. Chomoa intaneti, usichomeke flashi nyingine, mpigie ndugu yako anayeelewa, hata kama ni saa sita. Omba. Kisha fungua orodha hiyo, uitazame kila moja inakokaa.