Bomba la Ba'mdogo halitaki tyubulaiti!

Leo naomba uniazime macho, maana mada yenyewe ni ya macho. Kama kwenu kuna hologramu ukutani na kila mgeni anasema "mbona mie sioni kitu?", usiitupe kwanza. Inua kichwa uangalie taa uliyofunga darini.

Ba'mdogo wangu alikuwa baharia. Tena siyo wale mabaharia wa vijiweni wanaosimulia Ugiriki ambayo hawajaifika. Huyu kitabu chake cha ubaharia kipo na mihuri imejaa. Mwaka 1985 meli yao ilitia nanga Uingereza, naye akapanda treni hadi London, akaingia kwenye duka la vioo vya ajabu, akatoka na kimoja cha ukubwa wa daftari. Ndani ya kioo, anasema, kuna bomba la maji. Limetokeza nje kabisa, yaani unataka kulishika, lakini mkono unapita hewani.

Alikitundika sebuleni kwake Magomeni chini ya tyubulaiti. Watu wakaja, wakatazama, wakaona kioo cheusi na ukungu wa kijani. Akaapa, wakacheka. Kukitoa juani alikataa katakata, maana muuzaji alimwonya kuwa jua kali litakimaliza. Basi mtaa ukambatiza Mzee Bomba, na usidhani ni kwa ile maana ya "mambo bomba". Walikuwa wanamaanisha kwamba mzee anafunga kamba. Karibu miaka arobaini jina hilo limemganda.

Mwaka huu binti yake, ambaye ni dada yangu, kaamua kumhamishia Tanga akae naye. Siku ya kufunga mizigo dada akapanga mafungu matatu: vya kwenda, vya kuuza na vya kutupa. Kioo kikaenda kwenye vya kutupa. Ba'mdogo hakubisha. Mtu aliyebishana na mtaa mzima miaka yote hiyo, siku hiyo alinyamaza, akaomba chai. Hapo ndipo paliponichoma.

"Ba'mdogo, kule dukani taa ilikuwaje?" nikamuuliza.

"Kadogo, mwanangu. Kadogo halafu ka moto. Kalikuwa juu huko, kanachungulia kwa upande."

Nikazima tyubulaiti, nikawasha tochi ya simu, nikaiinua juu. Lahaula! Bomba lilichomoza ukutani na koki yake, rangi ya kijani cha ndimu, na tone la maji linaning'inia mdomoni. Dada akaja mbio, akaona. Lakini dada yangu ni mtu wa mahesabu. "Sawa mdogo wangu, nimeliona. Sasa nani atasimama na simu mkono juu kila mgeni akija? Lete taa ya kutundika, isiyokula umeme, kioo kiende Tanga. La sivyo kinabaki." Akanipa mpaka Jumamosi.

Sasa hapa nivumilie kidogo. Mimi niliishia fomu foo, lakini fizikia ilikuwa inapanda.

Hologramu siyo picha kama ile ya studio. Aliyeivumbua ni Dennis Gabor, Mhungari aliyekuwa akifanya kazi Uingereza, mwaka 1947, na mwaka 1971 akapewa Nobel ya fizikia. Mwaka 1962 Yuri Denisyuk wa Urusi ya Kisovieti akatoa njia ya kutengeneza hologramu inayoonekana kwa taa ya kawaida nyeupe, na kioo cha Ba'mdogo ni cha ukoo huo. Ndani yake kuna mistari midogo mno, jicho haliwezi kuiona. Mistari hiyo inairudisha nuru kama vile inatoka kwenye bomba lenyewe.

Ila ina masharti kama mganga. Nuru itoke kwenye nukta moja, na ije kutoka upande uleule ambao leza ilitokea siku kioo kinapigwa. Nuru ikitoka sehemu mbili unapata mabomba mawili. Tyubulaiti ya futi nne ni kama nukta elfu zilizojipanga mstari, kwa hiyo mabomba elfu yanapandana na unaambulia ukungu. Chukua hesabu: taa yenye kijicho cha milimita 3, ukiiweka kama mita moja na nusu kutoka kwenye kioo, sehemu ya bomba iliyotokeza sentimita 10 inapata ukungu wa milimita 0.2 tu. Tyubulaiti hiyo ya futi nne kwa umbali wa mita 2 inakupa ukungu wa sentimita 6! Hapo mtaa ungeona nini?

Zamani kazi hii ilifanywa na spoti za halojeni za wati 50. Zilikuwa nzuri, lakini zinachoma, na zikiwaka saa 4 kila siku zinakula uniti 6 za LUKU kwa mwezi. LED ya wati 3 kwa saa hizohizo haifiki hata nusu uniti. Dada angenielewa hapo.

Basi Alhamisi nikakiviringisha kioo kwenye kanga, huyo Kariakoo. Muuzaji akanitazama kama nimekuja kuuza dirisha la wizi. "Braza, chukua mkanda huu, unapendeza sana." Nikamwomba auwashe. Bomba likawa kama ufagio. Balbu ya plastiki ya maziwa ikaleta ukungu uleule wa nyumbani. Ile yenye duara kubwa la njano ikalivimbisha bomba kama limeng'atwa na nyuki. Spoti ya vijicho vitatu ikatoa mabomba matatu, safi kabisa, yamepangana kama ya shule. Mwisho akachomoa spoti ya kijicho kimoja kilicho wazi, bila kioo cha maziwa. Mshikaji wangu, hata nyuzi za koki zilihesabika! Muuzaji akapeleka mkono akakuta hewa. Vijana wakajaa. Mama mmoja aliyekuwa anapita akauliza hayo maji yanatoka saa ngapi.

Ikabaki rangi. Hologramu nyingi za aina hii zilipigwa kwa leza nyekundu, ila utando wa jelatini husinyaa wakati wa kusafishwa, na rangi inahamia njano au kijani. LED nyeupe kali ina bluu nyingi na nyekundu haba, kwa hiyo bomba jekundu lingefifia. Letu la kijani cha ndimu lilikubali zote mbili, nikachukua ya mwanga wa njano kwa kuwa sebule inapendeza. Wewe nenda na kioo chako, kijaribu palepale. Na kama huoni kitu kabisa, kigeuze juu chini, labda nuru inaingilia mlango wa nyuma.

Ijumaa usiku nikaifunga kwa muda palepale Magomeni. Wengi wa waliomwita muongo wametangulia mbele ya haki. Alikuja mmoja, mwenzake wa dhumna. Alitazama kushoto, akatazama kulia, akapeleka mkono, akaushusha taratibu.

"Kumbe," akasema.

"Karibu maji," Ba'mdogo akamjibu.

Tanga nilifunga mwenyewe. Taa ipo darini, mita moja kutoka ukutani na mita moja juu ya kioo, inashuka kwa nyuzi 45 kamili. Kioo nilikiweka mbali na ukuta wa bafu, maana utando ukinywa unyevu unavimba na rangi inahama tena, na Tanga unyevu wake mnaujua. Tukabishana na dada juu ya kimo. Yeye alitaka kikae juu, usawa wa macho ya mtu aliyesimama. Hologramu inataka macho yawe mbele yake, ukikaa chini sana inafifia. Nikapima kwa kiti cha Ba'mdogo, nikapiga msumari usawa wa macho yake akiwa amekaa. Dada akitaka kuliona vizuri, anainama.