Wati Tano za Kibokoni

Jumatano, 5 Machi 2025

Tumemezwa tena. Dakika tano kabla ya adhana ya Magharibi, kama jana, kama juzi. Afadhali ingekuwa kukatika. Mtambo ukikatika najua pa kukimbilia. Kule Mazeras, kwenye mtambo wa redio yetu, kila kitu ki shwari, wati 1,000 zatoka, hakuna taa nyekundu hata moja. Wa Nyali wanatupata, wa Likoni wanatupata. Simu zote zimetoka Mji wa Kale: Kibokoni, Ndia Kuu, Mkanyageni. Wanasema pale penye tangazo la tende pametokea sauti ya mwanamume akieleza yanayobatilisha funga.

Mwenye tende naye kapiga. Sekunde thelathini za kabla ya adhana ndizo ghali kuliko zote tunazouza mwaka mzima, na amezilipia mwezi. Duka lake liko Marikiti, wateja wake ndio hao hao wa Kibokoni. Meneja aliweka simu chini akanitazama.

"Kuna mwizi hewani. Mtafute kabla sijaanza kurudisha pesa za watu."

Alhamisi, 6 Machi

Nimerudi nyumbani nimechoka, nikamkuta mama jikoni anageuza viazi karai, redio yake ya betri juu ya friji. Nikaganda mlangoni. Ndiye. Yule mwizi wetu, sauti imetulia, haina hata mkwaruzo.

"Mama, huyo ndiye anayetuharibia kazi."

"Nizime darsa niweke nini? Wale wenu wa kupiga makelele ya mpira?" Hakugeuka hata. "Huyu hana matangazo, mwanangu. Tena yuwasomesha polepole, mtu husikia huku mafuta yachemka."

Sikuwa na jibu. Wanaume wa mtaa huu wakitaka darsa la baada ya Alasiri huenda wakakaa msikitini. Mama na dada zangu saa hiyo wana mikono ndani ya unga.

Baada ya daku usingizi haukuja, nikachukua kalamu. Nguvu ya mawimbi hupungua kwa mraba wa umbali. Toka Mazeras mpaka hapa ni kama kilomita 18. Tuseme bwana yule ana wati tano tu, nguvu ya taa ndogo ya chumbani. Kwa hesabu tupu, bila kuhesabu kuta wala minara, analingana na wati zetu 1,000 mpaka umbali wa mita 1,270 hivi kutoka kwake. Akiwa mita 100 kutoka jikoni kwa mama, anatuzidi mara 160. Mji wa Kale mzima unaingia ndani ya duara hilo, na nafasi inabaki.

Na FM haina kugawana. Kwenye masafa mafupi ya zamani stesheni mbili zikigongana ulizisikia zote, moja yanong'ona nyuma ya nyingine. Kwenye FM aliyezidi huchukua chote. Wa pili hufutika kama hakuzaliwa. Ndiyo maana msikilizaji hajui kwamba kuna vita. Yeye ajua stesheni fulani imepotea, basi.

Jambo moja linanisumbua. Saa kumi alasiri tunasikika vizuri hapa hapa Kibokoni. Kumi na moja na nusu mikwaruzo inaanza. Kumi na mbili na nusu hatupo. Mwizi gani anayeingia polepole hivyo?

Jumamosi, 8 Machi, usiku

Nimempata. Sijamwambia mtu.

Nilitoka baada ya taraweh na redio ndogo ya mkononi. Njia ni ile ya kizamani: unaikumbatia redio kifuani, unazunguka taratibu mpaka sauti ififie. Hapo mwili wako umekuwa ukuta kati ya redio na mtambo, na unayemtafuta yuko mgongoni kwako. Nimeanza Ngome, nikashuka Ndia Kuu, nikizunguka kila kona kama mwehu. Vijana wa barazani waliniuliza kama nacheza chakacha.

Vichochoro vyetu ni vibaya kwa kazi hii. Mawimbi hugonga kuta za mawe na mabati, yakarudi kutoka pande tatu. Kilichonisaidia ni muuza kahawa. Nyuma ya sauti ya maalim nilisikia redioni vikombe vikigonganishwa, kisha, kitambo kidogo baadaye, nikavisikia vile vile kwa masikio, mtaa wa pili. Redio hufika papo hapo. Sauti ya hewani huja kwa miguu yake, mita 340 kwa sekunde. Nikawa nafuata ule mwangwi uliotangulia sauti yenyewe. Kila hatua nafasi kati ya vikombe viwili ikapungua, mpaka nikasimama chini ya dirisha la ghorofa ya kwanza na vikombe vikawa kimoja.

Juu, kando ya tangi la maji, antena ya bomba la shaba imefungwa kwenye ufito wa mkandaa. Sikuhitaji kuuliza nyumba ya nani. Kile kiungo cha bomba nilifundishwa kukifunga vile vile, ndani ya chumba kile kile, nikiwa na miaka kumi na minne na chuma cha solda mkononi.

Jumapili, 9 Machi

Ami ana miaka themanini sasa. Amenikaribisha kwa kahawa tungu na kashata kana kwamba nimechelewa miadi.

"Nilijua utakuja. Nilikuwa nahesabu siku."

Mtambo uko ndani ya kasha la betri ya lori. Ameuunda mwenyewe, koili na kapasita, hauna kidhibiti cha kushika masafa. Nilipoukaribia nikahisi joto lake kabla sijaugusa, na hapo nikaelewa mikwaruzo ya saa kumi na moja na nusu. Huuwasha Alasiri ukiwa umebaridi, juu ya masafa yetu kidogo, mahali pasipo na mtu. Shaba hutanuka kwa joto, masafa yakateremka kidogo kidogo, na jua likizama amekwisha kutukalia. Hakutuchagua. Ametuelemea tu, kama jahazi lisilotiwa nanga.

Maalim ni mpwa wake. Husomesha hapo hapo chumbani, kinasa sauti kimewekwa juu ya rehali.

Nikamwambia habari ya leseni. Akacheka mpaka akakohoa. "Mwanangu, mimi redio nimeijulia barazani hapa chini, na niliyoijulia haikuwa na leseni ya Gavana."

Alimaanisha Cairo. Idhaa ya Kiswahili ya Cairo ilianza 1954, naye mtoto wa miaka tisa. Anakumbuka wazee wakiweka redio ya valvu dirishani, sauti imegeuzwa nje, na mtoto mmoja akisimamishwa pembeni atazame kama askari yuaja. Sauti ya Mzanzibari Ahmed Rashad Ali anaiigiza mpaka leo, na anaiigiza vizuri. Baadaye ikaja Sauti ya Afrika Huru, iliyojidai yatangaza kutoka ndani ya Afrika, kumbe ni Cairo hiyo hiyo. Waingereza walikuwa na mitambo yao, na hapa kisiwani ilikuwako Sauti ya Mvita, ambayo serikali iliitegemea imjibu Nasser kwa Kiswahili chetu na kasida zetu.

"Unajua BBC ya Kiswahili ilifunguliwa lini?"

Najua: 27 Juni 1957, mwaka mmoja baada ya mambo ya Suez, na taarifa ya kwanza akaisoma Oscar Kambona. Ami alitaka niseme mwenyewe. Kisha akauliza nani aliwafundisha Waingereza kwamba Waswahili wanastahili kusemeshwa. Kwake jibu ni moja: yule asiye na leseni.

Nilimbishia, na nadhani nilikuwa na haki. Cairo alikuwa na masafa yake. Hakumkalia Mvita juu ya kichwa. Mtu wa barazani aligeuza kitufe mwenyewe akachagua. Wewe Ami, jirani yako hachagui. Unamzibia.

Alinyamaza muda, akinimiminia kikombe cha pili.

"Na nyinyi, mwawapa nini cha kuchagua?"

Jumanne, 11 Machi

Meneja anataka barua iende kwa Mamlaka ya Mawasiliano. Nimeiandika mara tatu. Sheria haina utata: Sheria ya Habari na Mawasiliano ya 1998 yasema huwezi kurusha bila leseni, na Katiba, Ibara ya 34, inayolinda uhuru wa vyombo vya habari, ndiyo hiyo hiyo inayosema masafa yatasimamiwa kwa leseni. Masafa ni kama maji ya kisima cha mtaa. Asiyepanga foleni anamkausha mwenzake.

Hayo nayaamini. Nimekula mkate wa leseni miaka ishirini. Lakini nimeishi pia zama ambazo hewa yote ilikuwa ya mtu mmoja, Sauti ya Kenya, kisha KBC kuanzia 1989, na hakuna raia aliyepewa masafa ya redio mpaka katikati ya miaka ya tisini. Na nakumbuka tarehe 30 Januari 2018, Citizen, NTV na KTN zilipozimwa ili zisimwonyeshe Raila akila kiapo Uhuru Park. Leseni walikuwa nazo, zimelipiwa.

Barua iko kwenye droo. Sehemu ya anwani ya mkosaji nimeiacha wazi.

Ijumaa, 14 Machi

Nimekwenda kwa Ami na kipimo cha kazini, kile cha kuonyesha masafa kwenye kioo. Nilimwambia nataka kumpimia tu. Kweli nilitaka, lakini si kwa hilo tu.

Antena yake haitoi tu, inapokea pia. Mawimbi ya stesheni nyingine za mji huingia kupitia bomba lile lile, yakachanganyika na yake ndani ya transista ya mwisho, yakazaliwa masafa mapya ambayo hakuna aliyeyaomba. Chukua 105, zidisha mara mbili, toa 98: 112. Redio yetu huishia 108. Kutoka 108 mpaka karibu 118 ni mali ya mitambo inayomwonyesha rubani njia ya uwanja, na juu ya hapo, mpaka 137, ndipo rubani na mnara wa Port Reitz husemezana.

Sikumweleza hayo. Alinifundisha yeye. Niliweka kioo mbele yake nikawasha.

Palikuwa na mlima mmoja mrefu katikati, na kulia kwake vilima vidogo vidogo, kama magugu. Aliinama mpaka pua ikakaribia kioo. Akavaa miwani. Akaivua akaipangusa, akaivaa tena.

"Hino yangu?"

"Yako, Ami."

"Chafu hivi?"

Mimi nilikuja na hoja za ndege, za sheria, za mwenye tende. Sikuzitumia hata moja. Alisimama kwa kushikilia meza, akazima swichi, akaanza kufungua skrubu za kasha kwa bisibisi yake ya mpini wa mti, ile ile. Mpwa wake alikuwa kwenye udhu. Alipotoka akasoma uso wa mzee, akakunja rehali.

Vidogo sana vile vilima. Huenda hata havifiki Changamwe. Hilo nalo sikumwambia.

Jumatatu, 17 Machi

Siku tatu hewa safi. Meneja amefurahi, kaninunulia mkate wa mayai wa kufuturia. Wezi wa hewa anawaita "maharamia", neno ambalo mjini hapa tumelizoea kwa wale Wasomali waliokuwa wakishushwa bandarini kwenda kushitakiwa. Nikamwambia maharamia wa redio waliojulikana sana walikuwa baharini kweli: Radio Caroline, melini nje ya pwani ya Uingereza, 1964. Walipigwa marufuku kwa sheria iliyoanza Agosti 1967. Tarehe 30 Septemba mwaka huo huo BBC ikafungua Radio 1, ikapiga muziki ule ule, na watangazaji kadhaa walikuwa wale wale wa melini.

"Kwa hiyo?"

Kwa hiyo, nikasema, tumpe yule maalim nusu saa baada ya Alasiri. Yuko mtaa wa nne kutoka hapa, hataki malipo, na wasikilizaji anao tayari. Simu za wiki ile ndizo ushahidi. Nikamkumbusha Radio Rahma katikati ya miaka ya 2000, Elimika na Stambuli ilipokuwa hewani, watu wakipiga simu kubishana juu ya dini na siasa ya mji wao wenyewe. Stesheni yenye leseni ilikuwa jirani wa mtu.

Alinisikiliza mpaka mwisho, hilo nampa. Kisha akanifungulia kompyuta nione. Toka Alasiri mpaka kumi na mbili na nusu tunaunganishwa na Nairobi. Imeuzwa mpaka Desemba. Akauliza kama kufunga kumenizidi.

Alhamisi, 20 Machi

Nimewahi nyumbani leo. Mama alikuwa anasonga unga wa mahamri, redio iko kimya juu ya friji. Nikamwashia mwenyewe, nikaweka stesheni yetu. Inasikika safi ajabu, nimeona fahari kidogo. Kijana wa Nairobi alikuwa anaeleza jinsi ya kubeti kwa shilingi hamsini.

Mama alifuta mikono kwenye leso, akanyoosha kidole, akazima.

"Yule maalim yuwaumwa?"

Nikasema sijui. Nikachukua tende.