Mwenye kutunza listi: siku niliyonyimwa majina ya wahami

Wasikilizaji wengi mmeniuliza ni nani hasa anayefanya jina la mtu liwe au lisiwe kwenye listi ya msaada. Wengine mnasema ni shefu wa bloki. Wengine mnamlaumu yule kijana anayepita na simu hema kwa hema. Nitajibu kwa kisa changu mwenyewe, kwa sababu mimi pia nilikosea juu ya jambo hili.

Mwaka 2023, kambi za kando ya Goma zilikuwa zimejaa watu kutoka Rutshuru na Masisi. Nilienda kwenye shirika moja kuomba listi ya familia zilizoandikishwa. Nia yangu ilikuwa nzuri. Watu walikuwa wamepotezana njiani, nikawaza kwamba nikisoma redioni jina la mtu, kijiji alikotoka na bloki anamolala, mama atajua mtoto wake yuko wapi. Wakanipeleka kwa papa mmoja mwenye mvi, katika ofisi ndogo yenye kompyuta mbili na kabati la chuma lililofungwa kwa kufuli. Mlangoni paliandikwa cheo kirefu cha Kifaransa. Maana yake ni mkuu wa kusimamia habari zote za shirika.

Akaniambia: "Mwanangu, hesabu nitakupa. Majina sitakupa."

Nikakasirika. Nikamwambia: "Papa, hizi si siri za jeshi. Ni majina ya watu wanaotafutana."

Akaniuliza: "Na redio yako inasikilizwa na nani mwingine?"

Sikuwa na jibu. Alinielekeza niwatume watu kwa Msalaba Mwekundu, ambao kazi yao mojawapo ni kuunganisha jamaa waliopotezana, na ambao humuuliza mtu kwanza kama anakubali habari zake zipewe anayemtafuta. Sikumsikiliza. Nilitoka pale nikimwita mtu wa makaratasi asiyejua njaa.

Miezi michache baadaye nilirudi kwake, na safari hii nilikuwa na mama mmoja wa Masisi. Siku ya kugawa chakula alikuwa na jetoni yake mkononi, lakini aliyesoma listi alimwambia jina lake halimo. Shefu wa bloki akamwambia arudi juma lingine. Mama huyo alikuwa na watoto wanne, na usiku ule walilala bila kula.

Papa yule hakumwambia arudi kesho. Alimkalisha akamuuliza: uliandikwa siku gani? Ulikuwa bloki ipi? Aliyekuandika aliongea nawe lugha gani? Akatafuta muda mrefu. Kumbe jina la mama lilikuwa limeandikwa mara mbili, mara ya kwanza kwa herufi nyingine, mara ya pili alipohamishwa bloki. Aliyesafisha listi alidhani amejiandikisha mara mbili ili apate zaidi, akafuta yote mawili.

"Mama, hili ni kosa letu, si udanganyifu wako," papa akasema. Akatia saini, na kesho yake mama akapata chakula. Kisha akawaamuru vijana wake wapitie tena kila jina lililofutwa siku ile ile. Walikuta familia nyingine zilizoondolewa kwa njia hiyo hiyo.

Hapo ndipo nilianza kuelewa kazi yake. Kijana wa simu anakusanya habari. Huyu mkubwa anaamua mnaulizwa maswali gani, na yapi hayafai kuulizwa. Anahakikisha jina linaandikwa namna moja kila mahali. Anajua nani ana neno la siri, nakala imewekwa wapi, na lini habari zifutwe kwa sababu hazihitajiki tena. Yeye hapimi nani ana njaa. Lakini akifanya kazi vibaya, mwenye njaa haonekani.

Na kwetu uzito wa kazi hiyo ni mkubwa zaidi. Nchi yetu haijahesabu wananchi wake wote tangu mwaka 1984. Wengi wetu karatasi yetu ya pekee ni karti ya uchaguzi, na wengi waliiacha ndani ya nyumba walipokimbia. Kwa mtu kama huyo, listi ya shirika inaweza kuwa mahali pa pekee ambapo ameandikwa kuwa yupo.

Mwanzoni mwa 2025 vita viliingia Goma. Maghala yakaporwa, kambi zikavunjwa, watu wakatawanyika tena. Usiku mmoja nikaikumbuka ile listi niliyoitaka. Jina, kijiji, bloki. Ningeisoma redioni, kila mwenye silaha na mwenye kisasi angejua nani ametoka wapi na analala wapi. Nilipompata papa yule kwa simu, nilimuuliza ofisi iko namna gani.

"Kompyuta wamezibeba," akasema. "Lakini majina hayakuwamo. Tulikuwa tumeyaondoa, na karatasi tulizichoma mapema."

Nikamwomba msamaha. Akacheka, akauliza kama yule mama yuko salama. Nilimwambia amerudi kijijini.

Sisemi kazi yao haina lawama. Mama yule alikosewa, na kama nisingempeleka mimi, angepita mlango gani? Kila shirika lingepaswa kuwaambia watu, kwa Kiswahili na kwa lugha zao, ni wapi pa kulalamika jina linapokosekana.

Basi, wewe uliye kwa familia iliyokupokea au uliyerudi shambani, siku wakija kukuandika tena, una haki ya kuuliza mambo matatu. Mnaniandika kwa sababu gani? Nani ataziona habari zangu? Na zikiwa na kosa, nimwendee nani? Tena angalia kwa macho yako jinsi wanavyoandika jina lako. Kama husomi, mwombe mtoto anayesoma asimame karibu nawe. Jetoni yako usiitupe, na kumbuka tarehe uliyoandikwa. Kwa yule mama, tarehe hiyo ndiyo iliyosaidia jina lake lipatikane.